Lesnaya: siku jeshi la Sweden lilipopoteza unga wake

Katika kanisa la Mtakatifu Nikolai jijini Tallinn, Estonia, jemadari mmoja alikaa miaka 195 bila kuzikwa. Charles Eugène de Croÿ alifariki Januari 1702, enzi hizo mji ukiitwa Reval na ukiwa mali ya mfalme wa Sweden. Alikufa akiwa mateka wa vita na mdaiwa sugu. Waliomkopesha wakachimbua sheria ya zamani iliyowaruhusu kuzuia maziko ya mtu asiyelipa, na mwili wake ukajikaukia hapohapo kanisani. Karne ya 19 wasafiri walikuwa wakipelekwa kuutazama. Ulizikwa 1897.

Kosa la marehemu, ukiacha madeni, lilikuwa kukubali kazi mbaya. Novemba 1700, siku moja kabla ya pambano, Tsar Peter wa Urusi alimkabidhi jeshi zima lililokuwa limeuzingira mji wa Narva, kisha yeye mwenyewe akaondoka. De Croÿ hakuwa Mrusi, hakujua Kirusi wala hakuijua sura ya askari mmoja kati ya wale aliopewa. Kesho yake akapambana na Wasweden.

Hapo ndipo vilipopamba moto vita ambavyo wanahistoria huviita Vita Kuu vya Kaskazini, vilivyodumu kuanzia 1700 hadi 1721. Kiini chake kilikuwa Bahari ya Baltiki. Sweden tunayoijua leo ni nchi ya samani na tuzo za Nobel, lakini wakati ule ilikuwa dola la kutisha. Ilishika Finland, Estonia, Livonia pamoja na bandari ya Riga, na ile nchi ya vinamasi iliyoitwa Ingria. Urusi, kwa ukubwa wake wote, ilikuwa na bandari moja tu ya maana ya kufanyia biashara na Ulaya: Arkhangelsk, kaskazini kabisa, ambako barafu hufunga bahari kwa miezi mingi kila mwaka. Peter alitaka pwani. Denmark na Augustus, aliyekuwa mtawala wa Saxony na mfalme wa Poland, walikuwa na madai yao wenyewe. Wote watatu walipiga hesabu kwamba mfalme wa Sweden, Karl wa 12, alikuwa mtoto wa miaka 17, na kwamba ukiwa na jirani mtoto, ndio wakati wa kusogeza mipaka ya shamba.

Mtoto huyo aliitoa Denmark vitani kabla mwezi Agosti 1700 haujaisha. Halafu akavuka bahari kwenda kuikomboa Narva.

Alikuwa na watu wapatao 10,000. Warusi walikuwa kama 35,000, lakini walitandazwa kwenye handaki refu la kilomita kadhaa, wembamba kila mahali na wanene popote pale pasipohitajika. Tarehe 30 Novemba mchana, dhoruba ya theluji ilivuma kutoka upande wa Wasweden ikiwapiga Warusi usoni, na nyuma ya theluji hiyo wakatokea askari wa Karl wenye singe. Safu ilikatika mara mbili. Wanaokimbia wakajazana kwenye daraja la mto Narva, daraja likavunjika. Askari wa Kirusi, kwa hasira, wakaanza kuwaua maofisa wa kigeni waliodhani wamewauza, na de Croÿ akaona usalama wake uko kwa adui: akaenda kujisalimisha kwa Wasweden. Ni vikosi viwili vya walinzi wa Tsar, Preobrazhensky na Semyonovsky, vilivyojizungushia magari ya mizigo na kupigana mpaka giza likaingia. Usiku huo Urusi ilibaki bila mizinga yake.

Vitabu vingi vinamsifu Karl kwa Narva, na anastahili. Mimi navutiwa zaidi na mambo mawili yaliyofuata, ambayo hayana moshi wa baruti. La kwanza ni kwamba Karl, badala ya kumfuata Peter, aliingia Poland kumwondoa Augustus kitini, na shughuli hiyo ikamla mpaka 1706. La pili ni kengele. Peter aliagiza sehemu ya kengele za makanisa na monasteri za Urusi ziyeyushwe ziwe mizinga. Si kazi rahisi kama inavyosikika. Kengele hutaka bati nyingi ndani ya shaba ili ilie vizuri, lakini mzinga wenye bati nyingi hupasuka mikononi mwa wenyewe, kwa hiyo mafundi walilazimika kuongeza shaba safi, na shaba safi haikutosha. Mzee aliyesimamia kazi hiyo, Andrei Vinius, alilalamika mno kuhusu upungufu huo. Hata hivyo ndani ya mwaka mmoja tu karibu mizinga 300 ilikuwa imetoka tanuruni.

Karl akiwa Poland, Peter alimega pwani kipande kwa kipande. Ngome ya Nöteborg, mahali mto Neva unapotoka ziwa Ladoga, aliitwaa 1702. Mei 1703 akaanza kujenga St Petersburg kwenye ardhi ambayo kisheria ilikuwa bado ya Sweden. Mwaka uliofuata akairudia Narva na kuichukua.

Karl alipomaliza habari za Poland aliigeukia Moscow. Hapa inabidi tulielewe jeshi lake, maana lilikuwa jeshi la wakulima kwa maana halisi. Mashamba ya Sweden yaligawanywa katika makundi, na kila kundi la kaya lilitakiwa kumweka askari mmoja wa miguu: kumpa kibanda, kiploti cha kulima na nguo. Akifa vitani, kundi lilelile lilitafuta mwingine. Askari wa kijiji kimoja walipigana bega kwa bega, wakisali asubuhi na jioni. Mbinu yao ilikuwa kusonga mbele bila kusimama chini ya risasi, kufyatua wakiwa karibu kabisa na adui, kisha kumaliza kwa singe, mkuki na upanga. Ni jeshi kali sana kwa saa moja ya mapigano. Ila lilitoka katika nchi yenye watu wachache, na lilikula kila siku.

Peter aliliona hilo. Uamuzi uliofanywa katika kambi ya Zhovkva ulikuwa wa kikatili na wa kawaida kabisa: rudi nyuma, choma, ficha. Wanakijiji waliokuwa kwenye njia ya Wasweden waliamriwa kufukia nafaka mashimoni na kuswaga mifugo porini. Katika kiangazi cha 1708 Karl alishinda tena, huko Holowczyn, kwa shambulio la kuvuka mto ambalo wataalamu wa kijeshi bado wanalichambua. Baada ya ushindi huo alitazama mbele akaona moshi, vijiji vitupu na farasi waliokonda.

Tegemeo lake likawa Adam Ludwig Lewenhaupt. Jemadari huyu aliagizwa atoke Riga na msafara wa chakula na risasi wa kulitosha jeshi kwa miezi mitatu: magari ya farasi kwa maelfu, ng'ombe wa kuswagwa, mapipa ya baruti, pombe kali, na askari 12,500 hivi wa kuulinda. Alichelewa kuanza safari. Mvua ilinyesha mfululizo, barabara za Belarusi zikawa tope, na gari moja likikwama lilisimamisha yote yaliyo nyuma yake. Karl alimsubiri Mogilev wiki baada ya wiki. Mwezi Septemba uvumilivu ukamwishia, akageuza jeshi kusini kuelekea Ukraine alikosikia kuna chakula, Lewenhaupt akiwa bado mbali kwa zaidi ya kilomita 100.

Uamuzi huo, kwa maoni yangu, ndio uliompotezea vita. Peter alikuwa sasa amekaa katikati ya mfalme na unga wake.

Alikusanya watu 12,000 hivi na kuwapandisha farasi wote, hata askari wa miguu, ili waende mbio. Tarehe 9 Oktoba 1708 akamkuta Lewenhaupt karibu na kijiji cha Lesnaya. Walipigana kuanzia adhuhuri, msituni na kwenye uwanda ulio mbele ya kijiji. Alasiri pande zote mbili zilichoka kiasi kwamba watu waliketi chini kupumzika wakitazamana, kwa umbali wa risasi. Kisha jenerali Bauer akaongezea Warusi maelfu ya askari wa farasi, vita vikaanza upya, na jioni theluji ikaanguka ikazitenganisha pande hizo.

Kishindo cha mchana ule hakikumaliza jambo. Usiku ndio ulimaliza. Lewenhaupt aliona kuwa magari hayatavuka mto na adui yuko mgongoni, akaamuru yachomwe. Mizinga ikazamishwa kwenye kinamasi. Mioto ya kambi ikaachwa iwake ili Warusi wadhani jeshi limelala. Lakini askari waliotembea miezi mitatu tumbo likinguruma kando ya magari yaliyojaa chakula, ambayo hawakuruhusiwa kuyagusa, sasa waliambiwa wayatupe. Walifungua mapipa ya pombe. Nidhamu iliyosifiwa Ulaya nzima iliyeyuka kwa saa chache. Wengine walilala palepale walipolewa, wengine walipotea msituni, wengine waligeuza kurudi Riga. Lewenhaupt alipomfikia mfalme wake alikuwa na watu kama 6,000, wote wakihitaji kulishwa, bila gari hata moja la chakula. Peter aliiita Lesnaya mama wa Poltava, akihesabu miezi tisa kati ya pambano moja na jingine.

Halafu ikaja baridi. Kipupwe cha 1709 ni miongoni mwa vikali kabisa vilivyorekodiwa Ulaya. Bahari iliganda mahali ambapo kwa kawaida haigandi, na mizabibu ya Ufaransa ikafa. Wasweden walikuwa mbugani Ukraine. Mkuu wa Wakosaki, Ivan Mazepa, alikuwa amejiunga nao akiahidi ghala na watu, ila msaidizi wa Peter, Alexander Menshikov, alimtangulia kwenye makao yake ya Baturyn, akayateketeza pamoja na akiba na watu waliokuwemo. (Menshikov huyu, wanasimulia, aliuza mikate mitaani Moscow utotoni.) Wakati wa krismasi vikosi vya Karl vilisongamana kuingia mji wa Hadiach, na waliokosa nafasi walilala nje. Walinzi walikutwa asubuhi wamekufa wakiwa wamekaa juu ya farasi. Waganga walishinda wakikata vidole na miguu iliyooza kwa barafu. Njaa mwana malegeza, na hapo iliambatana na baridi.

Kwa hiyo jeshi lililouzingira mji wa Poltava majira ya machipuko ya 1709 lilikuwa jeshi kwa jina tu. Baruti haikutosha na iliyopatikana ilikuwa imelowa. Kamanda wa mji, Aleksei Kelin, alishikilia boma la udongo na miti kwa wiki nyingi, akiwasiliana na Peter kwa barua zilizofungiwa ndani ya makombora matupu yaliyorushwa juu ya vichwa vya adui. Siku chache kabla ya pambano, Karl alipigwa risasi ya mguu alipokuwa akikagua mstari wa mbele, ikaingia kisiginoni. Ilikuwa siku yake ya kuzaliwa; alitimiza miaka 27.

Poltava ilipiganwa 8 Julai. Au 27 Juni, au 28 Juni, kutegemea unamuuliza nani. Urusi ilitumia kalenda ya Julius. Ulaya magharibi kwa sehemu kubwa ilitumia ya Gregori. Sweden ilikuwa imejaribu kuhama kidogokidogo kutoka moja kwenda nyingine, ikakwama njiani, ikawa na kalenda yake peke yake duniani, tofauti kwa siku moja na ya Warusi. Walipochoka nayo, mwaka 1712, walirudi nyuma kwa kuongeza siku, na Sweden ikawa na tarehe 30 Februari.

Mfalme alikuwa kwenye machela, hivyo amri ilikuwa ya jemadari Rehnskiöld, ambaye hakupatana na Lewenhaupt hata kidogo. Mpango wao ulikuwa kupenya gizani kati ya viboma vya udongo ambavyo Peter alivijenga mbele ya kambi yake: sita vilivyokata njia, na vingine vinne vilivyochomoza kuwaelekea Wasweden. Walichelewa kujipanga, jua likawakuta. Wengi walivipita viboma chini ya moto mkali. Jenerali Roos, mwenye watu 2,600 hivi, hakuambiwa kwamba kazi ni kupita. Yeye alidhani kazi ni kuviteka. Akakishambulia kiboma cha tatu, akarudishwa, akakishambulia tena, mpaka watu wengi wakaanguka na waliobaki wakatengwa na jeshi lao. Theluthi ya askari wa miguu ikawa imetoweka kabla ya pambano lenyewe. Rehnskiöld alisubiri saa mbili akijiuliza wamekwenda wapi.

Kisha Peter akatoa watu wake nje ya kambi. Mbele ya askari wa miguu wa Sweden karibu 4,000 walisimama zaidi ya 20,000, wakiwa na mizinga kwa makumi. Wasweden walibeba minne. Wakaenda mbele hivyohivyo, kwa mwendo uleule wa Narva, wakipigwa na mizinga tangu mbali, na upande wao wa kulia kwa muda mfupi ukausukuma nyuma mstari wa kwanza wa Warusi. Hapakuwa na mtu wa kufuata nyuma yao. Safu ikapasuka, ikazungukwa, na kikosi cha Uppland kikafyekwa karibu chote. Wote walioanguka upande wa Sweden siku ile walikaribia 7,000. Urusi ilitangaza vifo 1,345. Peter alitoka na tundu la risasi kwenye kofia. Mchana aliwakaribisha majemadari mateka mezani, na inasimuliwa kwamba aliinua bilauri kuwatakia afya walimu wake wa vita.

Siku tatu baadaye, Perevolochna, ukingoni mwa mto Dnieper, Lewenhaupt aliweka silaha chini na zaidi ya askari 14,000. Menshikov aliyewapokea alikuwa na watu wapatao 9,000. Karl na Mazepa walikuwa wamekwishavushwa wakakimbilia kwa Waturuki, na mfalme akakaa huko miaka mitano.

Miongoni mwa watu wa nyumbani kwa Peter miaka ile alikuwamo kijana Mwafrika, Abram Petrovich Gannibal. Alitwaliwa utotoni, akafikishwa Istanbul, na kutoka huko akapelekwa kwa Tsar aliyekuja kumsimamia ubatizo Vilnius mwaka 1705. Kuhusu alikozaliwa, wapo wanaosema ni Eritrea ya leo. Mtafiti wa Benin, Dieudonné Gnammankou, ametetea kwa hoja nzito Logone, kusini mwa ziwa Chad. Kwa masimulizi ya ukoo wake alikuwa kando ya Tsar Lesnaya na Poltava. Alisomea uhandisi wa kijeshi Ufaransa, akapanda hadi ujenerali, na mwaka 1742 akafanywa kamanda wa Reval, mji ambao Urusi iliupokonya Sweden mwaka mmoja baada ya Poltava. De Croÿ alikuwa bado anasubiri maziko palepale mjini. Mshairi Alexander Pushkin, aliyeandika utenzi mrefu juu ya Poltava, ni kitukuu cha Gannibal.

Nchi kavu ilikuwa imeamuliwa, lakini Sweden ilibaki na bahari. Merikebu zake kubwa za matanga zilikuwa na mabaharia ambao Urusi haikuwa nao. Peter akajenga kitu kingine: mashua ndefu za makasia, zenye kina kifupi, zinazoweza kupita kati ya visiwa na miamba ya pwani ya Finland, na wapiga makasia wake wakawa askari wenyewe. Agosti 1714, karibu mashua 100 zilizuiwa kwenye rasi ya Hanko, ambayo Warusi huiita Gangut, na merikebu za kivita 15 za admirali Wattrang. Peter akaanza kutandika mbao kwenye shingo ya rasi, mahali penye upana wa kilomita mbili na nusu, ili azivute mashua nchi kavu. Wattrang aliposikia akaligawa jeshi lake: akamtuma ofisa wake Ehrenskiöld na kundi dogo azisubiri ng'ambo, na meli nyingine akazipeleka kushambulia mashua zilikotia nanga.

Ndipo upepo ukakata. Mtu yeyote wa pwani anajua maana ya shwari kwa chombo cha tanga. Merikebu zenye mizinga 60 zilisimama kama visiwa, na Warusi wakapiga makasia wakizizunguka upande wa bahari, nje ya upeo wa mizinga. Kesho yake asubuhi waliosalia walipita upande wa pwani. Mashua moja ilipanda mwamba ikatekwa. Nyingine zote zilipita. Ehrenskiöld akajikuta amefungiwa kwenye ghuba na chombo chake kikuu, Elefant, yaani Tembo, pamoja na mashua kadhaa. Alikataa kusalimu amri. Mashambulizi mawili aliyarudisha; la tatu likaja kutoka ubavuni, sitaha kwa sitaha, naye akatekwa akiwa na majeraha mengi. Peter alifurahi kuliko alivyofurahi mahali pengi. Alipigana siku hiyo kwa cheo cha admirali mdogo na jina la Peter Mikhailov, na baadaye akapandishwa cheo kwa taratibu zote kana kwamba ni mtumishi wa mtu. Kwenye lango la ushindi St Petersburg akachorwa tai aliyekaa juu ya tembo, na maneno kwamba tai hashiki nzi.

Kilichofuata kilikuwa kirefu kuliko kilivyokuwa cha maana. Karl alirudi kwao, akaivamia Norway, na usiku mmoja wa 1718 akapigwa risasi ya kichwa kwenye mahandaki ya Fredriksten. Wasweden wanabishana hadi leo kama ilitoka kwa adui au kwa mtu wao. Kwa miaka mitatu mashua za Warusi zilichoma miji ya pwani ya Sweden, na huko Grengam, 1720, zilikamata merikebu nne ndogo za kivita.

Mateka wa Poltava na Perevolochna walikuwa wametawanywa hadi Siberia, wakifundisha watoto, wakichonga mbao, wakichora ramani. Mmoja wao, Philipp Johann von Strahlenberg, alitumia miaka yake ya kifungo kuichunguza nchi hiyo, na kitabu alichochapisha 1730 kilipendekeza mpaka wa Ulaya na Asia upite kwenye milima ya Ural. Ramani za shule zetu zinafuata pendekezo hilo.

Mkataba ulitiwa saini Nystad, Finland, 10 Septemba 1721. Sweden iliachia Livonia, Estonia, Ingria na sehemu ya Karelia, ikarudishiwa Finland. Urusi ilikubali kulipa taler milioni mbili za fedha, na wiki chache baadaye Peter akachukua cheo cha kaisari. Kulikuwa na kipengele kingine ambacho hakisomwi sana. Livonia ndiyo iliyokuwa ikiilisha Sweden, na wajumbe wa Stockholm hawakutaka kuondoka mezani bila kulizungumza hilo. Wakapewa ruhusa: kila mwaka, mfalme wa Sweden angeweza kununua nafaka ya rubo 50,000 katika bandari za Riga, Reval na Arensburg bila kutozwa ushuru, isipokuwa mavuno yakiwa mabaya au Tsar akiwa amezuia nafaka kutoka kwa nchi zote.